Thadipati, komprehensivu, bima ya nyumba na bima ya dhima: ipi uinunue kwanza Nairobi

Gari lako likigonga nguzo ya stima pale Outering, hasara yako ina mwisho: bei ya gari na bei ya nguzo. Likimgonga mwendesha boda mwenye miaka 27 na watoto wawili, akakatwa mguu, mwisho wa hasara hiyo huamuliwa na hakimu. Kuchagua bima kunaanzia kwenye tofauti hiyo, na ndiyo wanunuzi wengi mjini wanaipita. Wanabishana na ajenti juu ya redio na kioo cha mbele, lakini hawaulizi mkataba utalipa kiasi gani mtu akifa.

Hapa tunaweka pamoja bima ya gari (thadipati, inayowalipa wengine tu, na komprehensivu, inayolipa na gari lako pia), bima ya nyumba na vilivyomo, na bima ya dhima, yaani ile inayowalipa wengine kwa madhara uliyowasababishia. Bei tunazotumia ni za mfano, zinazokaribiana na za soko. Kampuni moja itakupa chini yake, nyingine juu. Cha kushika ni jinsi hesabu inavyokwenda.

Gari: kila mkataba unalipa nini

Sura ya 405 ya sheria za Kenya inalazimisha kila gari lililo barabarani liwe na bima ya kulipia kifo au majeraha ya mtu mwingine. Angalia maneno hayo vizuri: kifo au majeraha. Sheria haikulazimishi kuwa na bima ya ukuta wa jirani uliobomoa, wala ya Prado uliyoikwaruza kwenye foleni ya Waiyaki Way. Mikataba mingi ya thadipati huongeza mali ya wengine, lakini kwa kikomo ambacho kampuni imejiwekea, na vikomo hivyo vinatofautiana sana. Ukiona thadipati mbili, moja rahisi kuliko nyingine kwa Sh1,500, tazama mstari huo kwanza. Mara nyingi tofauti imejificha hapo. Eksesi kwenye jedwali ni sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe.

| Kilichotokea | Thadipati | Thadipati, moto na wizi | Komprehensivu |
|---|---|---|---|
| Umemjeruhi mpita njia | Inalipa | Inalipa | Inalipa |
| Umegonga gari la mwenzako | Hadi kikomo cha mkataba | Hadi kikomo cha mkataba | Hadi kikomo cha mkataba |
| Gari lako limeibwa | Hailipi | Inalipa, ukitoa eksesi | Inalipa, ukitoa eksesi |
| Gari lako limeungua kwa ajali ya moto | Hailipi | Inalipa | Inalipa |
| Umejigongea ukuta | Hailipi | Hailipi | Inalipa, ukitoa eksesi |
| Mafuriko | Hailipi | Hailipi | Mikataba mingi inalipa |
| Vioo vya pembeni vimeng'olewa kwenye foleni | Hailipi | Mara nyingi hailipi | Hadi kikomo kidogo |
| Limechomwa kwenye ghasia za kisiasa | Hailipi | Mara nyingi hailipi | Ukiwa umelipia nyongeza yake tu |
| Injini imekufa kwa uchakavu | Hailipi | Hailipi | Hailipi |

Mstari wa kwanza wa jedwali unaonekana sawa kote, na kuna jambo moja chini yake. Sheria hiyohiyo ya Sura ya 405 inaweka ukomo wa Sh3,000,000 kwa kila mtu anayedai. Mahakama ikimpa majeruhi Sh5,000,000, kampuni italipa milioni 3 na milioni 2 zinazobaki zitatafutwa kwako: shamba, akiba, gari lenyewe. Komprehensivu haiondoi ukomo huo kwa sababu tu ni ghali zaidi. Baadhi ya kampuni huuza nyongeza ya dhima inayopita kiwango cha sheria. Iulizie kwa jina hilo hilo, kwa sababu ajenti hataitaja asipoulizwa.

Uliza pia kuhusu abiria. Sheria hailazimishi bima ya abiria wa gari la kibinafsi asiyelipa nauli. Mikataba mingi huwaweka, mingine huwatoza kando. Ukiwa unabeba watoto wa jirani kwenda shule kila asubuhi, jibu la swali hilo ni zito kuliko kioo cha mbele.

Hesabu ya gari la Sh1,200,000

Chukua Fielder yenye thamani ya Sh1,200,000. Thadipati ya mwaka mzima ya Sh7,500 huongezwa tozo mbili za asilimia, 0.2 ya mafunzo na 0.25 ya hazina ya kufidia wenye bima, pamoja na Sh40 za stempu. Jumla ni Sh7,574.

Komprehensivu kwa asilimia 4 ya thamani ni Sh48,000. Ongeza asilimia 0.25 ya ghasia za kisiasa, Sh3,000, na asilimia 0.25 ya kufuta eksesi, Sh3,000 nyingine. Tozo na stempu zikiingia unafika Sh54,283. Pengo kati ya mbili hizi ni Sh46,709 kwa mwaka, na hiyo ndiyo bei unayolipa kuhamisha hatari ya gari lako mwenyewe. Kumlinda unayemgonga hakumo ndani ya pengo hilo, kwa sababu yeye alishalindwa na zile Sh7,574.

Sasa eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Kiwango cha kawaida ni asilimia 2.5 ya thamani, na mara nyingi kuna kiwango cha chini kama Sh15,000. Kwa Fielder yetu eksesi ni Sh30,000. Mtu akikukwangua mlango na bampa, fundi akasema Sh28,000, hakuna dai hapo. Utalipa yote. Matengenezo yakiwa Sh110,000, kampuni inatoa Sh80,000. Ile nyongeza ya kufuta eksesi inakuondolea Sh30,000 hizo kwenye ajali, na kwa Sh3,000 ni ununuzi mzuri kwa anayeendesha katikati ya jiji kila siku. Lakini soma kama inagusa wizi. Nyingi haziugusi.

Eksesi ya wizi ndiyo huwaumiza watu. Mikataba mingi hukata asilimia 10 ikiwa gari lina traka, kifaa cha kufuatilia lilipo, na asilimia 20 ikiwa halina. Fielder ikiibwa Donholm bila traka, unapoteza Sh240,000 kabla ya hesabu nyingine. Ikiwa na traka, Sh120,000. Na traka yenyewe lazima iwe hai: laini ikiwa imekatwa kwa kukosa malipo ya mwaka, kampuni itakuhesabu kama usiye na traka, na itakuwa na haki. Dereva kijana au mwenye leseni changa huongezewa eksesi yake juu ya hiyo. Kama mwanao wa miaka 21 ndiye anayeendesha gari hilo Jumamosi, mtaje kwenye fomu.

Komprehensivu isipofaa

Kampuni nyingi hazikubali komprehensivu kwa gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, nyingine huishia 12. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na magari mengi kutoka Japani hutua Mombasa yakiwa karibu na mpaka huo. Kwa hiyo ukinunua la miaka 7 leo, una takriban miaka 8 ya komprehensivu mbele yako, labda 5.

Umri si kizuizi pekee. Kampuni huweka kiwango cha chini cha malipo. Kwa Vitz ya Sh350,000, asilimia 4 ni Sh14,000, lakini kiwango cha chini kikiwa Sh35,000 unalipa asilimia 10 ya gari kila mwaka. Toa eksesi ya Sh15,000, toa uchakavu wa thamani, na unachoweza kudai kinapungua kila mwaka huku malipo yakibaki palepale. Gari kama hilo, kwa maoni yetu, liwekewe thadipati yenye kikomo kikubwa cha mali ya wengine, na tofauti iwekwe kwenye sacco. Lakini hilo ni kwa mtu ambaye gari likipotea kesho kazi yake itaendelea. Kama Probox ya Sh450,000 ndiyo inayopeleka mboga Wakulima kila alfajiri, kupotea kwake kunafunga biashara, na thadipati yenye moto na wizi ni njia ya katikati inayostahili kuulizwa bei.

Thamani unayotaja nayo ina uzito. Kampuni hulipa bei ya soko siku ya hasara, si bei iliyo kwenye mkataba ikiwa soko limeshuka. Gari ulilolinunua Sh1,200,000 miaka mitatu iliyopita, ukiendelea kulilipia kwa thamani hiyo, unalipa malipo ya hewa. Kila unapohuisha, lipeleke kwa mthamini anayetambuliwa na kampuni. Kampuni nyingi hugharamia uthamini huo.

Yanayovunja dai la gari

Matumizi ndiyo yanaongoza. Gari lililoandikwa la kibinafsi likipatikana na abiria wa teksi ya mtandaoni, au limebeba mizigo ya kulipwa, dai la gari lenyewe huanguka. Kuna bima ya teksi za mtandaoni, ni ghali zaidi, na ndiyo pekee inayokufaa ukifanya kazi hiyo hata jioni mbili kwa wiki.

Mafuriko yana mtego wake. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hujaza maji South C, Mombasa Road na sehemu nyingine za chini, na mwaka 2024 zilikuwa mbaya zaidi. Gari likizimika ndani ya maji, usijaribu kuliwasha tena. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda hayagandamiziki kama hewa: pistoni inapanda, inakutana na maji, fimbo yake inapinda au kuvunjika. Mkaguzi wa hasara akifungua injini ataona fimbo iliyopinda na atauliza nani alipiga stata. Maji yaliyolikuta gari limesimama na injini iliyovunjwa kwa kuwashwa majini ni madai mawili tofauti machoni pake. Lisukume, livutwe, piga picha za alama ya maji kwenye milango.

La tatu ni haraka ya kutengeneza. Mtu anagongwa asubuhi, saa nane fundi wake wa Kirinyaga Road amekwisha kuinyoosha bampa, na jioni anapiga simu kwa kampuni. Mkaguzi hana cha kukagua. Utaratibu wenyewe ni mfupi: piga picha magari yakiwa palepale, za mbali zikionyesha barabara na za karibu zikionyesha namba, andika jina la dereva mwingine, namba ya gari na kampuni ya bima iliyo kwenye cheti chake, ripoti polisi, ambapo Sheria ya Trafiki inakupa saa 24 zisizozidi, chukua abstrakti, yaani hati ya polisi ya ajali hiyo, ijulishe kampuni ndani ya muda wa mkataba, mara nyingi saa 24 au 48, kisha subiri mkaguzi kabla ya spana kugusa boliti. Matengenezo yakizidi kama nusu ya thamani, kampuni nyingi hulihesabu gari kuwa limekufa, zinakulipa thamani na kuchukua mabaki.

Usikubali kosa kwa maandishi pale barabarani, na usipokee Sh5,000 za "tumalizane" halafu uende kudai. Kupokea kwako pesa kunaweza kuifungia kampuni njia ya kumdai aliyekugonga, na mikataba inakuruhusu ulindwe mradi hukuiharibu njia hiyo.

Nyumba: jengo na vilivyomo ni bima mbili

Mkataba wa nyumba umekatwa vipande, na kosa kubwa ni kudhani kipande kimoja kinabeba vyote. Jengo ni kuta, paa, milango na mabomba. Vilivyomo ni samani, nguo, televisheni, jiko. Vitu vya kubebwa nje, simu, laptopu, kamera, vinakaa kipande cha tatu chenye bei ya juu zaidi kwa sababu vinaibwa kwenye matatu na mikahawa. Baada ya hapo kuna wafanyakazi wa nyumbani, dhima ya mwenye nyumba na dhima ya mkaaji.

Aliyechukua mkopo wa nyumba benki tayari ana bima ya jengo, kwa sababu benki hulazimisha na jina la benki huandikwa kama wa kwanza kulipwa. Bima hiyo inalinda mkopo. Moto ukila sebule, kochi lako halimo. Kwa fleti zilizo chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, bima ya jengo ni kazi ya shirika la wamiliki, ile kamati mnayoilipa ada ya huduma. Omba nakala ya mkataba na uangalie vitu viwili tu: tarehe ya mwisho na kiasi. Kamati ikishindwa kuvionyesha, una jambo la kuibua kwenye mkutano ujao.

Bei ya jengo ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Nyumba ambayo kuijenga upya kutagharimu Sh8,000,000, kwa asilimia 0.15, ni Sh12,000 kwa mwaka. Vilivyomo vya Sh800,000 kwa asilimia 1 ni Sh8,000. Ukilinganisha na Sh54,283 za Fielder, utaona ajabu ya mji huu: gari la milioni 1.2 lina bima kamili na nyumba ya milioni 8 haina yoyote.

Thamani ya jengo isichanganywe na bei ya kuuza. Kiwanja hakiungui. Nyumba ya Ruaka inayouzwa Sh15,000,000 huenda ina ardhi ya milioni 7 ndani yake. Kinachowekewa bima ni gharama ya kuisimamisha tena, pamoja na kuondoa vifusi na ada ya msanifu. Ukizidisha unatupa pesa. Ukipunguza ni vibaya zaidi, kwa sababu ya kanuni ya uwiano.

Kanuni hiyo inakwenda hivi. Vitu vyako vina thamani ya Sh1,000,000. Ili kupunguza malipo, unaandika Sh400,000. Wezi wanavunja na kuchukua vya Sh200,000. Unafikiri: 200,000 iko chini ya 400,000, nitalipwa yote. Kampuni inasema uliweka bima kwa asilimia 40 ya thamani, kwa hiyo asilimia 60 ya hatari uliibeba mwenyewe. Malipo ni Sh80,000, kisha eksesi inatolewa. Uliokoa Sh6,000 za malipo ya mwaka, ukapoteza Sh120,000 kwa usiku mmoja. Pita chumba hadi chumba na kalamu kabla ya kujaza fomu: mapazia, vyombo, magodoro na nguo hujaa haraka, na ndivyo vinavyosahauliwa.

Uliza pia kama unalipwa bei ya kitu kipya au bei ya kitu kilivyokuwa. Televisheni ya miaka sita kwa mkataba wa aina ya pili haitakununulia hata rimoti ya mpya.

Vinavyokataliwa mara kwa mara upande huu ni vinne. Wizi usio na alama ya kuvunja: mlango ulioachwa wazi, au aliyeingia kwa funguo. Nyumba iliyokaa tupu kupita siku zilizo kwenye mkataba, mara nyingi 30, kama mmekwenda ushago Desemba mkabaki hadi katikati ya Januari. Maji yaliyovuja polepole ukutani kwa miezi, tofauti na tangi lililopasuka. Na friji iliyoungua stima iliporudi na nguvu nyingi, ambayo mikataba mingine huiweka kando hadi uilipie.

Ghasia za kisiasa ni nyongeza huku pia. Wenye maduka katikati ya jiji waliporwa Juni 2024, na tena Juni 2025. Mkataba wa moto na wizi usio na nyongeza hiyo kwa kawaida huiondoa hasara ya aina hii. Kwa duka lolote kati ya Moi Avenue na River Road tunaiona kuwa ya lazima.

Dhima: bima rahisi kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa

Anza na mfanyakazi wa nyumbani. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo wote huiita WIBA, inamhusu mwajiri wa dada mmoja jikoni sawasawa na mwenye kiwanda cha Industrial Area. Akifa au akipata ulemavu kamili kazini, fidia ni mshahara wa miezi 96. Dada anayelipwa Sh18,000 kwa mwezi: 18,000 mara 96 ni Sh1,728,000, juu ya gharama za matibabu. Malipo ya bima ya mfanyakazi mmoja wa nyumbani kwa kawaida ni elfu chache kwa mwaka. Hatujui bima nyingine inayobeba mzigo mkubwa hivyo kwa pesa ndogo hivyo. Jiko la gesi, ngazi ya kufutia madirisha, kamba za nguo juu ya paa: ajali zenyewe ziko wazi.

Mwajiri akishajulishwa ajali ana siku 7 za kumfikishia Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini taarifa. Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliidhinisha utaratibu huo, kwa hiyo madai ya majeraha kazini huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Kuchelewesha fomu ndiko kunakochelewesha malipo.

Bima ya dhima kwa umma ni ya mgeni, mteja na mpita njia. Sura ya 34 ya sheria za Kenya inamtaka anayedhibiti jengo amwangalie kwa uangalifu wa kawaida mgeni aliyeingia. Bati likiruka na upepo likatua kwenye kioo cha gari, lango likimwangukia mtoto wa mpangaji, mteja akiteleza kwenye sakafu yenye mafuta ya nywele, hapo ndipo inapolipa. Mwenye ploti anahitaji dhima ya mmiliki: kuta, ngazi, vizuizi vya roshani. Mpangaji anahitaji dhima ya mkaaji: bomba aliloacha wazi likafurika hadi nyumba ya chini, moto ulioanzia jikoni kwake. Mpangaji wa Umoja au Pipeline anayedhani bima ya landilodi inamfunika amekosea. Kampuni ya landilodi ikishamlipa landilodi, inaweza kumgeukia yeye.

Hapa kuna pengo ambalo wenye gereji na kuosha magari hulikuta wakiwa wamechelewa. Bima ya dhima kwa umma kwa kawaida hailipi mali ya mteja iliyo mikononi mwako. Kijana wa kuosha magari Ngong Road akirudisha nyuma gari la mteja likapiga nguzo, mkataba wa kawaida utakataa. Dobi aliyeunguza suti, fundi wa laptopu aliyeibiwa laptopu tano za wateja, wote wako mahali pamoja. Inatakiwa nyongeza ya mali iliyo chini ya uangalizi wako, na kwa gereji upo mkataba wake maalumu. Anayeuza chakula au gesi aulize kando kuhusu dhima ya bidhaa, maana madhara yanayotokea mteja akiwa ameshaondoka hayamo kwenye mkataba wa kawaida.

Wakili, mhasibu, mhandisi na msanifu wana bima ya makosa ya kikazi, na inafanya kazi kwa saa tofauti. Ya umma huangalia ajali ilitokea lini. Hii ya kikazi huangalia dai lililetwa lini. Ukikosea ramani 2024, ukaacha kulipa bima 2025, ukashtakiwa 2026, huna kitu, hata kama 2024 ulilipa kila shilingi. Anayestaafu anunue muda wa nyongeza wa kupokea madai: madai ya mkataba yana miaka 6 mahakamani, ya madhara ya kawaida miaka 3.

Linganisha vikomo vya dhima kwa maswali mawili: ni kiasi gani kwa tukio moja, na kiasi gani kwa mwaka mzima? Milioni 5 kwa tukio na milioni 5 kwa mwaka maana yake ajali ya kwanza inaweza kumaliza zote.

Nani aanze na nini

Mpangaji mwenye dada wa kazi na asiye na gari: WIBA na dhima ya mkaaji kwanza, vilivyomo baadaye. Mwenye gari dogo la zamani: thadipati yenye kikomo kikubwa cha mali, kisha vilivyomo. Mwenye gari la milioni 1 na zaidi, hasa la mkopo: komprehensivu, kufuta eksesi, traka hai. Mwenye ploti ya kupangisha Kasarani aanze na jengo, dhima ya mmiliki, na WIBA ya mlinzi na mtunza jengo, kabla ya kufikiria bima ya kukosa kodi. Saluni au gereji: dhima kwa umma yenye mali ya wateja ndani, kisha moto na wizi.

Kulipa bila kupoteza

Hakikisha kampuni, broka na ajenti wamo kwenye orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Lipa kwa paybill ya kampuni, kamwe si kwa namba ya simu ya ajenti. Sheria ya Bima hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kulipwa, kwa hiyo ahadi ya "utalipa mwisho wa mwezi" haina mkataba nyuma yake. Ukikopa benki kulipia bima, ujue benki inaweza kuufuta mkataba ukiruka awamu moja. Cheti cha gari sasa ni cha kidijitali: linganisha namba ya usajili, namba ya chasi na aina ya matumizi herufi kwa herufi siku unayokipokea. Kampuni ikifilisika, hazina ya kufidia wenye bima ina kikomo cha Sh250,000 kwa dai, hivyo bei ya chini mno kutoka kwa kampuni inayojulikana kuchelewesha madai haifai kuchukuliwa.

Ukipokea karatasi za mahakama za mtu uliyemgonga, zipeleke kwa kampuni siku hiyohiyo na uombe muhuri wa kupokelewa. Wanaodai wana siku 30 tangu kufungua kesi za kuijulisha kampuni, lakini usitegemee kwamba wamefanya hivyo. Na tazama tarehe kwenye cheti. Mkataba huisha usiku wa tarehe hiyo, na gari lililogonga saa moja asubuhi inayofuata halina bima, hata kama pesa zilitumwa saa mbili.